Tusiitambue Mimea Yetu kwa Ua Pekee
Hotuba kwa walimu wa sayansi, kamati za misitu za vijiji na wanafunzi, Lindi

Ndugu viongozi wa wilaya na kata, walimu wenzangu, wazee wetu mliotoka Rutamba, Nyangao na Rondo, mama zangu, na nanyi wanafunzi mliokaa nyuma, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuyatambua maua ya mwitu ya mikoa yetu ya Lindi na Mtwara. Ombi hilo nimelipokea kwa furaha, ila nitaligeuza kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno yangu itakuwa ya kuwashawishi msilitegemee ua. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na miti mingi ya miombo na ya vichaka vya pwani huchanua kwa muda mfupi, mingine ikiwa haina jani hata moja, kisha hukaa sehemu kubwa ya mwaka bila ua lolote. Mtu aliyejifunza ua tu atakuwa mjuzi kwa wiki chache, na kwa miezi yote iliyobaki atakuwa mgeni katika pori lake mwenyewe.

Kabla ya kuingia porini, tuondoe kwanza mimea isiyo ya kwetu, kwa kuwa baadhi yake tumeizoea mno hata tunaiona ni ya asili. Mwarobaini ulio uani kwa kila mtu ni wa huko India. Mtiki uliopandwa Rondo ni wa Asia. Mkrismasi, unaopamba barabara kwa wekundu mwishoni mwa mwaka, asili yake ni Madagaska, na bogainvilea ya kwenye nyua za ofisi ilitoka Amerika ya Kusini. Mkorosho nao, mti uliotusomeshea watoto, ni wa Brazili na uliletwa na Wareno. Sisemi ung'olewe; ningesema hivyo katika ukumbi huu nisingetoka salama. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi anayepewa kazi ya kukusanya mimea ya asili asiniletee tawi la mkorosho, na mwalimu asimpe alama akilileta.

Tukisha kuiondoa hiyo, tutazame kwa utaratibu. Anza na mahali mmea uliposimama, yaani ni mchanga wa pwani, udongo mwekundu wa nyanda za juu, bonde lenye maji au mwamba. Kisha tazama umbo la mti mzima kwa mbali, usogee ulione gome, ukwaruze kidogo uone kama linatoa utomvu na wa rangi gani, usugue jani unuse, utazame matunda makavu yaliyoanguka chini, na ua liwe la mwisho. Katika majani liko jambo moja ambalo wanafunzi hulikosea karibu kila mara, nalo ni kutofautisha jani na kijijani. Jani la mkwaju si kile kipande kidogo kilicho sawa na ukucha wa mtoto. Jani ni ule mshipa mzima pamoja na vipande vyote vilivyopangana juu yake. Namna ya kujua ni kutazama kwapani. Palipo na jani, pana chipukizi dogo kati ya kikonyo chake na tawi. Kwenye kwapa la kijijani hapana kitu. Nawaomba walimu mfundishe hilo kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa asiyeweza kuhesabu majani hatafika mbali.

Nitoe mfano wa miti miwili yenye maua ya njano ambayo watu huichanganya. Mwishoni mwa kiangazi, safarini kati ya Lindi na Masasi, mtaona miti midogo isiyo na majani iliyofunikwa na maua ya njano. Huo ni mkundekunde, kwa jina la kitaalamu Cassia abbreviata, mti wa kwetu ambao waganga huuchuna magome mpaka wengine husimama uchi. Mjini, kando ya barabara na shuleni, upo mjohoro, Senna siamea, nao una maua ya njano, lakini uliletwa kutoka Asia. Anayetazama rangi peke yake ataiita ndugu, na kwa hakika ukoo wao si wa mbali. Chukueni ua moja la kila mti mlipasue mkononi. La mkundekunde lina stameni, yaani nyuzi zinazobeba chavua, tatu ndefu kuliko nyingine, na vikonyo vyake vimejipinda kwa umbo la herufi S. Za mjohoro hazina mpindo huo. Ukikosa ua, tazama ganda la mbegu. Mkundekunde huning'iniza maganda ya mviringo, marefu, yanayopita nusu mita, na mjohoro una maganda bapa, membamba na mafupi zaidi. Tena mjohoro hauvui majani yote wakati wa kuchanua.

Mfano wa pili ni wa miiba. Mpingo hauhitaji kutambulishwa kwa wachongaji wa Kimakonde, ila wao huujua ukishakatwa, kwa kile kiini cheusi chenye uzambarau kilichozungukwa na tabaka jembamba la mti mweupe. Nje, mti uliosimama hauonyeshi weusi wowote. Gome lake ni la kijivu, mara nyingi una mashina kadhaa yaliyotoka pamoja, na miiba yake si ngozi iliyochongoka, bali ni matawi mafupi yaliyokoma kukua na kuwa magumu, ndiyo maana mwiba wa mpingo waweza kuota majani, hata maua, juu yake. Hapo ndipo mtunduru, Dichrostachys cinerea, unapowapotosha watu, kwa sababu nao miiba yake ni matawi yaliyochongoka. Jani hutoa hukumu. Jani la mpingo limegawanyika mara moja tu, vijijani vyake si vingi, na aghalabu havikukabiliana jozi kwa jozi bali hupishana upande huu na upande ule. Jani la mtunduru limegawanyika mara mbili, likawa na vijijani vidogo mno visivyohesabika kwa urahisi. Matunda nayo yamo mbali kabisa: mpingo una maganda bapa, mepesi, yenye mbegu moja au mbili yanayopeperuka na upepo, na mtunduru una maganda yaliyojisokota kwa vishada. Maua ya mpingo ni meupe, madogo, yenye harufu tamu, na wengi wenu hamjayaona kwa sababu hayakai. Ya mtunduru ni mazuri ajabu, kishada kimoja chenye nusu ya waridi na nusu ya njano, kinachoning'inia kichwa chini.

Jambo hili si la darasani tu. Vijiji vya Kilwa vilivyopata cheti cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, mwaka 2009 kwa kusimamia misitu yao ya asili, mpingo ukiwamo, vililazimika kwanza kuhesabu na kupima miti iliyosimama. Mpimaji wa kamati ya msitu hangoji mti uchanue, wala haruhusiwi kuukata ili aone kiini.

Kwa upande wa miombo nitapita haraka, kwani walio wengi hapa wameizoea. Oktoba miombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua, na kwa mbali mlima mzima huonekana umechanua, kumbe ni majani machanga. Kwa kutofautisha, hesabuni jozi za vijijani na kuona kubwa iko wapi. Brachystegia spiciformis kwa kawaida ina jozi nne, na ile ya mwisho, ya nchani, ndiyo kubwa. Julbernardia globiflora, inayochanganywa nayo kila siku, ina jozi kubwa katikati ya jani, na maganda yake ya hudhurungi yenye manyoya laini husimama juu ya kilele cha mti. Brachystegia boehmii ina jozi nyingi zilizosongamana. Mbambakofi, ambao wengine huuita mkongo, hujitangaza wenyewe chini ya mti kwa mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, na ua lake lina petali, yaani jani la ua, moja tu. Msandarusi una vijijani viwili kwa kila jani na tunda lenye vipele, na utomvu wake uliogandishwa ndio sandarusi iliyosafirishwa sana kutoka pwani hii katika karne ya 19.

Sasa nije kwenye mimea ambayo kuikosea kwake si kukosa alama za mtihani. Hakuna mtu wa Lindi au Mtwara asiyezijua ming'oko za kuchemsha. Kiazi hicho cha mwitu, Dioscorea hirtiflora, hatukipandi. Kinachimbwa kichakani, na huchimbwa kiangazi, wakati mtambaazi wake umeshakauka na majani yamepukutika. Mama mchimbaji hutafuta uzi mkavu uliojisokota kwenye kijiti, akaufuata mpaka ardhini. Ujuzi huo ni mkubwa, nami nawaheshimu wanaoumiliki. Wasiwasi wangu ni kwa vijana wanaofuata nyuma, kwa kuwa katika kichaka hichohicho imo mitambaazi mingine inayokauka wakati uleule.

Upo ndiga, Dioscorea dumetorum, wenye shina la miiba na jani lililogawanyika vijijani vitatu. Kiazi chake ni sumu kikiliwa hivihivi, na wazee walioishi nyakati za njaa watawaambia kilivyolowekwa siku kadhaa na kuchemshwa kabla ya mtu kuthubutu kukionja. Upo Dioscorea sansibarensis, wenye majani mapana ambayo ncha zake zimerefuka mithili ya mikia, na wenye viazi vidogo vya hewani vinavyoota kwenye makwapa ya majani. Huo nao una sumu. Kwa bahati, jamii nzima ya viazi vya mwitu huacha alama moja inayodumu hata mvua ikiwa imekwenda zake: tunda kavu lenye mabawa matatu, ambalo ndani yake mbegu ni bapa na zenye utando mwembamba. Ukiyaona mabawa matatu kwenye uzi mkavu, umo katika jamii ya ming'oko, ingawa bado hujajua ni mwanafamilia yupi. Usipoyaona, usichimbe kwa kubahatisha. Chunguza pia uzi umejizungushia kijiti kwa upande gani, kwa sababu katika jamii hii kila aina hushika upande wake na haibadili.

Wa hatari kuliko yote haumo katika jamii hiyo kabisa, nao ni Gloriosa superba. Wakati wa mvua hamwezi kuukosa. Ua lake lina petali sita zilizojikunja kuelekea juu, kingo zake zikiwa na mawimbi, nyekundu kwa juu na njano chini, na stameni zimetawanyika kandokando. Nisingetafuta ua zuri zaidi katika mikoa hii. Hata usipochanua, ncha ya kila jani imerefuka na kujisokota, na kwa ncha hizo mmea huparamia vichaka vya jirani, jambo ambalo mng'oko haulifanyi, kwani wenyewe hupanda kwa kuzungusha shina lake. Kiangazi tunda lake hupasuka na kuonyesha mbegu nyekundu. Chini ya ardhi kuna kiazi chembamba kilichopinda kwa pembe, na ndani yake imo sumu ya kolchisini, ileile inayotengenezewa dawa ya gauti, ugonjwa wa maumivu ya viungo, kwa vipimo vidogo mno. Aliyekila huanza kutapika na kuharisha baada ya saa kadhaa, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Mtu akipatwa na hali hiyo baada ya kula kiazi cha porini, apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya kile kiazi yaende pamoja naye, pamoja na shina lake kama lipo.

Nawaomba walimu wa shule za vijijini, mkitaka kufundisha utambuzi wa mimea kwa mfano mmoja tu, muufundishe huu. Mwiteni mama mchimbaji shuleni, awaonyeshe watoto uzi mkavu, tunda na kiazi kwa pamoja. Hakuna kitabu cha kiada kitakachomshinda.

Tushuke pwani. Hapa Lindi, kwenye mdomo wa Lukuledi, kama vile Mikindani na kwenye mlango wa Ruvuma, watu husema «mikoko» kwa kila mti unaosimama kwenye maji chumvi, lakini wajenzi na mafundi wa majahazi wa zamani waliitenganisha bila shida, kwa kuwa kila mmoja una kazi yake. Tazameni miguuni. Mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, umesimama juu ya mizizi iliyojipinda kutoka shinani, na jani lake lina kijiba kidogo nchani. Mchu, Avicennia marina, umezungukwa na mizizi ya kupumulia, myembamba, iliyochomoza wima matopeni. Ubapa wa chini wa jani lake ni wa kijivu, na ukiulamba utaonja chumvi. Mlilana, Sonneratia alba, nao una mizizi ya kupumulia, ila ni minene chini na hupungua kuelekea juu, na unakaa upande wa bahari kuliko wenzake. Ua lake ni jeupe, lenye stameni nyingi, hufunguka usiku, na asubuhi mtaona nyuzi zake zimeelea majini. Msinzi, Bruguiera gymnorhiza, una mizizi iliyokunjwa magoti na kikombe cha ua chekundu ambacho hubaki hata petali zikianguka. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo lenye mbegu zenye pembe zilizobanana, na msikundazi una jani la rangi ya fedha kwa chini na tunda lenye mkuku mgongoni. Mkandaa na kikandaa mtavitenga kwa jani: la kikandaa, Lumnitzera racemosa, limepata kibonyeo nchani. Kazi hii ifanyike maji yakiwa yamekupwa, na mwende na mvuvi.

Nimeacha kwa makusudi jambo zito hadi sasa. Kati ya mwaka 1934 na 1935 Mjerumani Hans-Joachim Schlieben alikusanya mimea karibu na ziwa Lutamba, wilaya yetu hii, na sehemu ya sampuli zake ilipelekwa Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliliteketeza jengo la kuhifadhia mimea mikavu la mji huo, na sampuli nyingi sana za Afrika Mashariki ziliungua. Nyingi kati ya zilizosalimika ni nakala zilizokuwa zimegawiwa miji mingine. Miongoni mwa mimea inayobeba jina la mkusanyaji huyo ni Erythrina schliebenii, mti wa jamii ya mwambangoma, wenye maua mekundu na miiba mikali shinani. Mwaka 1998 ulihesabiwa miongoni mwa miti iliyotoweka duniani. Ukaonekana tena mwaka 2001 kwenye kipande kidogo cha msitu kusini mwa nchi. Mwaka 2008 msitu ule ulipofyekwa kwa ajili ya shamba la mimea ya mafuta ya mitambo, watu wakadhani umekwisha kabisa. Kisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakauona tena mwaka 2011, miti mikubwa ikiwa haifiki 50. Katika utafutaji huohuo, upande wa Kilwa, waliuona mti mwingine adimu, Karomia gigas, ambao mti wake uliojulikana Kenya ulikwisha katwa.

Nieleze kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa ukumbini. Mwambangoma wa kawaida una vijijani vitatu kwa jani, miiba, na maua mekundu wakati hauna majani. Erythrina schliebenii una hayohayo. Mkata mkaa mwenye macho mazuri ataupita akisema ni mwambangoma tu, na mimi nisingemlaumu. Kitu pekee kinachoweza kuutoa katika kundi la «mwambangoma tu» ni mtu wa mahali hapo anayezoea kutazama miti ileile mwaka mzima, akaona kwamba huu wa kwenye miamba ya ndani ya msitu haufanani na ule wa kando ya shamba, akachukua tawi. Orodha kubwa ya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, iliyoandikwa kuanzia mwaka 1952 hadi 2012, ina spishi 12,104, na haikuandikwa kwa kukaa ofisini bali kwa matawi ya namna hiyo.

Namna ya kulichukua tawi si ngumu. Kata kipande cha urefu wa ukurasa wa gazeti chenye majani, na ua au tunda kama lipo. Kitandaze kati ya magazeti, jani moja ukiligeuza ili upande wa chini uonekane, ukibane kwa mbao mbili na kamba, na ubadilishe magazeti kila siku mpaka kikauke. Wakati wa mvua ukizembea siku mbili kitaota ukungu. Andika papohapo mambo ambayo ukavu utayafuta: rangi ya ua likiwa bichi, harufu, utomvu, urefu wa mti, gome, udongo, kijiji, tarehe. Andika jina la kienyeji pamoja na lugha yake, Kimwera, Kimakonde, Kiyao au Kimakua, kwa kuwa kijiji hiki na kile huweza kuipa mimea miwili jina moja. Ukiwa na simu, piga picha ya mti mzima, ya gome, ya jani pande zote mbili, kisha ya ua. Picha mia za ua peke yake hazitoshi, na vijana wa nyuma nawaona mnacheka kwa sababu ndizo mlizo nazo.

Ndani ya hifadhi za misitu, kama vile Rondo na Litipo, msichume kitu bila kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inahusika, na maofisa wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, waliopo hapa watawaeleza pa kuanzia. Mashambani, kando ya njia na kwenye mapori ya kijiji, ombeni ruhusa ya mwenye eneo au serikali ya kijiji. Sampuli zilizokauka vizuri zinaweza kutambuliwa katika hifadhi ya mimea mikavu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya taifa iliyoko Arusha. Chukueni mbili kila mara, moja ibaki shuleni kwenye kabati kavu lisilo na mchwa, ikiwa na namba sawa na iliyosafirishwa, ili jibu litakaporudi muweze kuliandika kwenye karatasi yake. Kwa msimu ujao ningependa shule zilizo karibu na Rutamba zianze na mimea yote yenye vijijani vitatu, na shule za Mikindani zianze na mikoko. Sasa nipo tayari kwa maswali, na wazee watangulie.